Vikombe Viwili vya Bwana Haiwezekani

Mtangazaji alipoteuliwa kuongoza ujumbe wa nchi kwenye mazungumzo ya daraja, mtu wa kwanza kumpigia simu hakuwa waziri wala mkewe. Alikuwa mama yake, na hakupiga kumpongeza. Alipiga kumkumbusha kwamba mdogo wake wa kike, yule aliyeolewa ng'ambo ya mto, ana mimba ya kwanza na siku zimekaribia, na kwamba yeye mama ameshafunga mizigo, Jumamosi anavuka kwenda kumlea mzazi.

"Sasa nasikia makubaliano ya daraja yanakwisha Ijumaa," mama alisema. "Likifungwa, mwanangu, usije kwangu. Kaa hukohuko na tai yako."

Daraja lenyewe lilikuwa limechoka. Kila mwaka nchi mbili zilikaa mezani, zikatia sahihi ya kulitumia na kulitunza kwa pamoja kwa mwaka mwingine, na sahihi isipopatikana, mageti yanafungwa huku na kule. Ugomvi ulikuwa mmoja tu, nguzo ya kati. Imekaa palepale unapopita mpaka wa nchi hizo, na kila upande unasema nguzo hiyo ni ya mwenzake, maana atakayekubali kuwa ni yake itambidi alifunge daraja na kuijenga upya peke yake. Basi miaka nenda miaka rudi watu wazima wenye suti walikutana kusukumiana nguzo.

Na miaka yote hiyo aliyekuwa akiisukuma kwa upande wetu ni mwanamama mmoja ambaye wizara nzima, kuanzia madereva hadi mawaziri, ilimwita Shangazi. Alianza kazi akiwa binti anayebeba mafaili, akapelekwa balozi za baridi na balozi za joto, akalea watoto wake katikati ya masanduku ya kuhama, akarudi na kupewa meza ya nchi jirani. Halafu akaja waziri mpya na wimbo wake wa damu mpya. Asubuhi damu mpya, jioni damu mpya. Shangazi na wenzake wa rika lake wakashukuriwa, wakakatiwa keki, kila mmoja akapewa saa ya ukutani, wakaambiwa wakapumzike. Saa ya ukutani, jamani! Umwambie mtu muda wake umekwisha, halafu umpe na saa ya kuutazamia.

Kiti chake ndicho alichopewa Mtangazaji. Tusimwonee, hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma habari za jioni kwenye televisheni miaka mingi, mwenye sauti tamu hata akikutangazia mafuriko unatamani aendelee. Na kazi aliyopewa aliishika kwa mikono miwili. Alikesha na ramani, ripoti za wapimaji na picha zilizopigwa kutoka angani. Kitu kimoja tu hakukifanya, hakwenda kumwona Shangazi. Alijiambia mama wa watu amestaafu, asimsumbue. Ukweli ni kwamba aliona haya kuuliza.

Mazungumzo yalianza katikati ya wiki, kwenye ukumbi wenye zulia jekundu na viyoyozi vinavyovuja. Upande wa pili uliongozwa na mzee mwembamba wa suti ya kijivu ambaye watu wetu walimbandika jina la Bwana Haiwezekani, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni. Mtangazaji alimsalimia kwa heshima, akawasha mashine yake, akaanza. Aliwaonyesha mto ulivyohama, mpaka unavyopita, na nguzo inavyosimama, pasipo shaka hata chembe, kwenye ardhi ya wenzetu. Alipomaliza, vijana wake walipiga makofi.

Bwana Haiwezekani aliitazama ramani ile kwa muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Kisha akapiga meza kwa ngumi hata glasi zikalia, akasema, "Haiwezekani," akainuka akatoka nje.

Wenzake hawakutikisika. Mmoja aliendelea kumenya peremende yake taratibu, mwingine akajinyoosha kama mtu aliye kwenye mapumziko. Lakini Mtangazaji hakuwaona hao. Kichwa kilikuwa kimeshamvimba. Amemkimbiza mzee! Siku ya kwanza tu, na kwa ramani! Akatengeneza tai yake, akatoka kwenda kuzungumza na waandishi wa habari waliokuwa wakingoja mwisho wa korido.

Koridoni, kwenye meza ya chai, alimkuta Bwana Haiwezekani amesimama peke yake na vikombe viwili vya chai, kimoja mkono huu na kimoja mkono huu, akimtazama. Mtangazaji alisema moyoni, mzee huyu mlafi kweli, hasira zote hizo na bado anakunywa viwili kwa mpigo. Akamwinamia kidogo, akampita, akaenda kuwaambia waandishi kwamba wenzetu wameukimbia ukweli.

Alasiri wenzetu hawakurudi ukumbini. Wala kesho yake. Walikuwa hotelini kwao, wakituma salamu kwamba wataonana kwenye kikao cha kufunga, Ijumaa. Waziri, ambaye mwanzoni alipiga simu akicheka, sasa alipiga akiwa na maswali, maana wenye malori walishaanza kumpigia yeye. Na mama naye akapiga.

"Nimekuona kwenye televisheni," alisema. "Umependeza. Daraja je?"

Mtangazaji akameza kiburi chake, kikapita kwa shida kama kidonge kikubwa, na Alhamisi hiyo alasiri akaenda kugonga mlango wa Shangazi.

Aliyefungua ni mume wake, mwalimu mstaafu, mtu mpole mwenye uso wa asiyelala vizuri. Tangu mkewe arudi nyumbani, kila asubuhi kulikuwa na kikao cha kifungua kinywa chenye ajenda. Majirani wawili walikuwa wameshapatanishwa kuhusu mfereji kabla hawajagombana. Kuku walikuwa na zamu. Mwalimu alipomwona mgeni mwenye tai, aliangalia nyuma, akamnong'oneza kwa matumaini makubwa, "Umekuja kumchukua?"

Shangazi alikuwa uani anapunguza maua ya uzio kwa mkasi mkubwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Mtangazaji. Vuta kiti. Nilikuona ukiwakimbiza watu."

Akamweleza yote, bila kutia chumvi wala kupunguza. Ramani, makofi, ngumi, waandishi. Shangazi alisikiliza huku akikata majani, mpaka mgeni alipofika kwenye korido. Hapo mkasi ukasimama.

"Ngoja kwanza. Alikuwa ameshika vikombe vingapi?"

"Viwili. Kila mkono kimoja."

Shangazi aliweka mkasi chini. Akaanza kucheka polepole, kicheko kikapanda, akashika mbavu, akatafuta kiti akakaa, machozi yakamtoka, akamwita mumewe aje asikie, akashindwa kumsimulia. Mtangazaji alibaki amekodoa macho. Mwishowe mwanamama akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Kimoja kilikuwa chako, baba," akasema.

Ndipo akamweleza jinsi kazi ile inavyofanywa. Kule mezani kila mtu anasema yale aliyotumwa kusema, kwa sauti, ili yaandikwe na yasikike kwao. Yakishasemwa, mmoja anapiga meza na kutoka. Huwa ni zamu, mwaka huu huyu, mwaka ujao yule. Aliyetoka anakwenda kwenye chai, anamimina vikombe viwili, anasubiri. Hamwiti mwenzake, maana ametoka kwa hasira na waandishi wanatazama. Mwenzake ndiye anayemfuata, eti kumbembeleza. Na hapo, katika muda wa kunywa kikombe kimoja, ndipo daraja linapopona kwa mwaka mwingine.

"Sasa nguzo?" Mtangazaji aliuliza. "Ramani inaonyesha wazi kwamba ni yao."

"Ni yao. Mimi najua tangu nywele zangu nyeusi, na yeye anajua. Lakini akikiri tu, sheria ya kwao inamlazimu alifunge daraja siku hiyohiyo. Mama yako atapita wapi?"

Mtangazaji alishika tama. Akauliza mbona hayo yote hayakuandikwa popote, maana amepekua kila kabati la ofisi.

"Utayaandikaje? Siku itakayosomeka kwamba mzee yule anapiga meza kwa kuelewana na sisi, kwao unga wake umemwagika. Mambo haya hukaa kwa watu. Nilikungoja uje uniulize. Wiki nzima baada ya ile keki nilikaa hapa nimevaa viatu vya kazini, nikasema huyu kijana atakuja. Hukuja. Iliniuma, sikufichi. Niliitazama saa yao ile ukutani nikalia."

"Niliogopa kuonekana sijui."

"Lakini hukujua."

"Sikujua, Shangazi. Nisamehe."

Alimsamehe palepale, maana hakuwa mtu wa kufuga kinyongo, tena bado kicheko kilikuwa kinamtekenya. Mtangazaji akamwomba waende wote kesho. Akakataa. Amestaafishwa, hana ruhusa hata ya kupita getini, na akionekana pale watasema ujumbe umeanguka umeletewa yaya. Ila alimpa la kufanya. Mzee ametoka na hakufuatwa, ameaibika mbele ya watu wake, kwa hiyo hawezi kutoka tena. Sasa ni zamu ya Mtangazaji kupiga meza, atoke, amimine vikombe viwili, asubiri.

"Akija, mmepona," alisema Shangazi.

"Asipokuja?"

"Utavinywa vyote viwili."

Ijumaa asubuhi Mtangazaji aliingia ukumbini bila mashine na bila ramani. Vijana wake walishangaa. Bwana Haiwezekani alikaa mbele yake amenyooka, uso mkavu, wala peremende haikumenywa siku hiyo. Salamu zikapita, ufunguzi ukapita. Mtangazaji akavuta pumzi, akainua mkono, akapiga meza. Tuseme ukweli, alipiga vibaya. Glasi ya maji ilimwagikia karatasi zake mwenyewe na kiganja kikamwaka moto. Akasema kwa ile sauti yake ya taarifa ya habari, "Nguzo ya kati si yetu," akainuka akatoka. Vijana wake wakataka kumfuata mbio. Akawageuzia jicho, wakakaa.

Koridoni akamimina chai. Kimoja mkono huu, kimoja mkono huu. Kule mwisho waandishi walirefusha shingo. Vikombe vilikuwa vya moto, vidole vikaungua, hakuthubutu kuviweka chini. Akaukazia macho mlango wa ukumbi. Mlango haukufunguka. Alimfikiria dada yake na tumbo lake kubwa, akamfikiria mama ameketi juu ya mizigo yake, na zaidi ya wote akamfikiria yule mzee aliyesimama hapahapa na vikombe vyake mbele ya watu, na yeye akampita kama anapita kabati. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mvuke wa chai ulipungua, ukawa uzi, ukaisha. Vidole havikuungua tena, na hilo ndilo lililomtisha.

Mlango ukafunguka. Bwana Haiwezekani akaja polepole, akikohoa kidogo, akapokea kikombe, akanywa funda moja.

"Imepoa," akasema. "Ya kwangu juzi ilipoa zaidi."

"Naomba radhi, mzee."

"Unapiga kwa kiganja. Haipigwi hivyo, utaumia. Ngumi, na kidole gumba kiwe nje." Akanywa tena. "Shangazi hajambo?"

"Hajambo. Amekucheka sana."

"Ana haki," mzee akasema, na uso wake wote ukafunguka, ukawa wa mtu mwingine kabisa.

Mengine yalichukua muda mfupi kuliko inavyochukua kumaliza biskuti. Daraja litakarabatiwa nusu kwa nusu, njia moja ya magari ikifanyiwa kazi ya pili inapitika. Mafundi wetu wataanzia kwetu, wao kwao, na kwenye nguzo ya kati watakutana wote, huku kila nchi ikishikilia msimamo wake kwamba si yake. Mtangazaji alitaka kuruka juu. Lakini mzee alimshika kiwiko.

"Sikiliza, kijana wangu. Nimegombana na mama yule miaka mingi. Kugombana vizuri na mtu ni kitu cha kujifunza muda mrefu. Sasa huko kwetu wameanza kuniambia, mbona wenzako wamewatoa wazee wao, nawe pumzika. Nikitoka mimi, na yeye hayupo, hapa watabaki vijana wawili na ramani mbili. Umenielewa?"

Mtangazaji alikuwa amemwelewa vizuri sana.

Mchana waziri aliwasili na msafara wake, furaha imemjaa. Waandishi walikuwa tayari, meza ya sahihi imefunikwa kitambaa, kalamu mbili zimelala. Waziri alimshika Mtangazaji bega, akamwambia haya ndiyo matunda ya damu mpya, na hivyo ndivyo atakavyosema mbele ya kamera, na ule ubalozi mmoja mkubwa ulio wazi, basi, aanze kutafuta koti la baridi. Mtu angesema nini? Angenyamaza tu na koti lingekuja lenyewe. Hata Shangazi hakumtaka amtaje.

Na hapo ndipo ninapompendea mtu huyu. Hakubisha, hakusubiri kipaza sauti ili amwumbue mkubwa wake mbele za watu. Alisema samahani kidogo, Mheshimiwa, akatoka koridoni, akamimina vikombe viwili, akasimama. Waziri, ambaye hakuzoea kuachwa amesimama katikati ya sentensi, alimfuata kujua kuna nini. Akapewa kikombe. Kwa kuwa alishakipokea, ikabidi asikilize.

Mtangazaji alimwambia yote. Alimwambia alivyoshinda siku ya kwanza na ushindi ule ulivyotaka kulifunga daraja. Alimwambia nani aliyemfundisha, wapi, na kwa kicheko gani.

"Kwa hiyo unataka nitoke hapo niseme nilikosea?" waziri akauliza, na shingo yake ilikuwa imeanza kukaza.

"Hapana, Mheshimiwa. Mimi ni damu mpya kweli, na nashukuru. Lakini mgonjwa akiongezwa damu mpya, hamwagwi kwanza ile aliyonayo. Sema unaongeza. Sema wale waliokaa miaka mingi kwenye kazi hii wanarudi, na hakuna atakayeondoka kabla hajamlea wa kumrithi. Litakuwa wazo lako."

Waziri akanywa chai, akatazama dirishani, akanywa tena.

"Na kiti chako?"

"Mpe mwenyewe. Mimi niwekee kingine pembeni yake."

Sahihi zikatiwa, makofi yakapigwa, na waziri akasimama mbele ya kamera akatangaza, kwa uso wa mtu aliyeota jambo hilo mwenyewe tangu akiwa shule ya msingi, kwamba serikali imeamua kuwarudisha wanadiplomasia wake wenye uzoefu, kuanzia Jumatatu. Aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa Mtangazaji, na kiganja kikamuuma upya. Upande wa pili wa meza Bwana Haiwezekani alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kupita kiasi, na mwenzake akampa peremende. Jioni kwenye simu ya Mtangazaji ukaingia ujumbe kutoka kwa mwalimu mstaafu. Haukuwa mrefu. Ulisema tu kwamba Mungu ambariki yeye na vizazi vyake vyote, na kwamba Shangazi alikuwa anapiga pasi suti huku akiimba.

Jumamosi kulipambazuka vizuri. Mama alikuja darajani na mizigo ya mtu anayehamia kabisa, vitenge, sabuni, beseni la kuogeshea mtoto, na mwanawe akaibeba nyuma yake, tai hana, jasho linamtoka, mtu na cheo chake. Mageti yalikuwa wazi. Baiskeli zilipita, malori yalipita, wanafunzi waliotoka masomo ya ziada walipita wakikimbizana. Askari wa huku akamgongea mama mhuri, na kule mbele shemeji mtu alishaonekana akipunga mikono yote miwili, anaruka ruka. Wakajua mtoto amefika kabla ya bibi yake.

Mama akaanza kulia na kucheka pamoja. Akaongeza mwendo. Kisha, katikati kabisa ya daraja, akasimama kupumua, akaegemea ukingo, akachungulia chini ambako maji yalikuwa yakiizunguka ile nguzo nene, yenye ufa wa miaka, iliyobeba watu wote hao.

"Hivi," akauliza, "hii mliyokuwa mnaigombania wiki nzima, hasa hasa ni ya nani?"

Mtangazaji alitua beseni. Alizijua zile ramani zote kwa kichwa, hatua kwa hatua, na angeweza kumwonyesha kwa kidole. Akatazama huku alikotoka, akatazama kule shemeji yake alikokuwa akiruka.

"Hatujui, mama," akasema. "Na tukijaliwa, hatutajua."

Akabeba beseni, wakavuka.